Matofali Madogo ya Rudolstadt na Chama cha Marafiki Wake



Katika kitabu cha Yubilei ni desturi kuandika mambo makubwa: mwaka misioni ilipofunguliwa, majina ya mapadri waliotangulia, hesabu ya wabatizwa na ya ndoa. Mambo hayo yanapatikana katika kurasa zingine za kitabu hiki, na walioyaandika wanayajua kuliko sisi. Sisi tumeombwa historia fupi kwa ajili ya vijana na wazazi wao, nasi tumechagua jambo linaloonekana kuwa dogo: matofali ya kuchezea, na chama cha watu wazima waliojikusanya huko Ulaya kusudi yasipotee. Mtu asiseme kwamba huo ni mchezo wa watoto tu. Parokia iliyojengwa kwa matofali ina haki ya kusikia habari za matofali. Tena, historia hii inauliza swali lilelile ambalo kila Yubilei inatuuliza: kazi njema inadumu kwa nguvu ya nani, aliyeianzisha akiisha kwenda?

1. Mwalimu wa watoto

Katika inchi ya Ujerumani kuna jimbo la milima na misitu liitwalo Thuringia. Huko, mwaka wa 1782, alizaliwa Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alipokuwa mwalimu aliona kwamba watoto wadogo waliachwa bila malezi mpaka umri wa shule, kana kwamba akili yao ililala. Mwaka wa 1837 alifungua nyumba ya malezi katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka wa 1840 akaipa jina maana yake bustani ya watoto. Jina hilo limeenea duniani kote pamoja na shule hizo.

Fröbel aliwapa watoto vitu vya kuchezea kwa utaratibu maalum, akaviita zawadi. Zawadi ya tatu ilikuwa kisanduku chenye vipande vinane vya mti, vyote sawasawa, ambavyo vikipangwa pamoja vinafanya kipande kimoja kikubwa cha pembe nne. Sheria yake ilikuwa nzuri: mtoto atumie vipande vyote, asitupe hata kimoja, na akitaka kujenga kitu kipya, asibomoe cha kwanza kwa fujo, bali akigeuze polepole mpaka kiti kiwe ngazi, na ngazi iwe mlango.

Serikali ya Prussia iliogopa mafundisho hayo, ikazifunga shule zake mwaka wa 1851. Fröbel alikufa mwaka uliofuata, wa 1852, kabla katazo halijaondolewa. Liliondolewa mwaka wa 1860. Basi, mwenye kupanda hakuona mavuno.

2. Ndugu wawili na mfanya biashara

Wanafunzi wa mafundisho ya Fröbel walikuwa wengi. Kati yao tunataja ndugu wawili wa tumbo moja, Otto na Gustav Lilienthal, waliozaliwa katika mji wa Anklam, Otto mwaka wa 1848 na Gustav mwaka wa 1849. Otto alikuwa fundi wa mashini, Gustav alikuwa mchoraji wa majumba. Waliona kwamba vipande vya mti ni vyepesi, tena vinapinda kwa unyevu. Ukuta mrefu ukiguswa kidogo unaanguka. Wakatafuta jiwe.

Walichanganya mchanga safi, unga wa chaki na mafuta ya kitani, wakaushindilia mchanganyiko huo ndani ya kalibu kwa nguvu sana. Wakapata kijiwe kizito, laini, chenye pembe kali, wala si cha kufinyangwa kama chungu. Vilipakwa rangi tatu, na kila rangi ilikuwa na maana yake: nyekundu kwa tofali la kuchoma, manjano kwa jiwe la kuchonga, samawati kwa paa la mawe. Hivi mtoto aliweza kujenga mnara, daraja au kanisa lenye sura ya jengo la kweli.

Ndugu hao walikuwa na akili ya kuvumbua, lakini hawakujaliwa akili ya kuuza. Mali yao ikaisha. Waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa Friedrich Adolf Richter, mfanya biashara wa madawa katika mji wa Rudolstadt, ambao ni jirani na Blankenburg ya Fröbel. Richter alikuwa na kiwanda, alijua kutangaza, na katika miaka ya 1880 alianza kupeleka masanduku ya mawe hayo katika inchi nyingi. Alama yake ya biashara ilikuwa nanga. Kwa hiyo watu wakayaita mawe ya nanga. Sisi wakristu tunaijua alama hiyo. Waamini wa kwanza waliichora kwenye makaburi yao chini ya ardhi ya Roma, kwa kuwa nanga ni ishara ya matumaini.

Otto Lilienthal hakufa moyo. Alitazama ndege, hasa korongo, akapima mabawa yao, akatoa kitabu juu ya kuruka kwao mwaka wa 1889, na tangu mwaka wa 1891 akaruka mwenyewe kutoka vilimani kwa mabawa aliyoyatengeneza. Alianguka tarehe 9 Agosti 1896, akafa kesho yake. Ndugu Wright wa Marekani, waliorusha ndege yenye mota mwaka wa 1903, walimheshimu kama mwalimu wao. Hivi mtu mmoja aliwapa watoto jiwe la kuweka chini, na watu wazima akawapa njia ya kupanda juu.

3. Utaratibu wa masanduku

Ni vema tueleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyowavuta watu. Mawe ya nanga hayana meno wala gundi. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa uzito wake, na kwa unyofu wa lile lililo chini. Likikosewa la chini kwa unene wa ukucha, la ishirini litaonyesha kosa hilo mbele ya watu wote. Waashi wetu wanajua maneno hayo bila kufundishwa.

Vipimo vilishikwa kwa ukali. Kipimo kikubwa kilikuwa cha milimetri 25, kidogo cha milimetri 20, na mawe mengine yote yalikatwa kwa kufuata kipimo hicho: nusu, robo, mara mbili, mara tatu. Masanduku yalikuwa na nambari. Mtoto aliyepata sanduku dogo hakulitupa alipokua. Mzazi alinunua sanduku la nyongeza, lenye herufi A, na mawe hayo yakiongezwa juu ya yale ya kwanza, sanduku dogo liligeuka kuwa la nambari ya juu yake. Mtu aliweza kupanda hivyo mwaka kwa mwaka, na jiwe alilolipata akiwa mtoto liliendelea kuwa na nafasi yake katika jengo la uzee wake.

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya kuonyesha namna ya kuyapanga mawe tena baada ya mchezo, tabaka kwa tabaka. Asiyeifuata, kifuniko hakifungi. Malezi hayo ni makubwa kuliko mahubiri mengi: kujenga ni furaha, lakini kazi haijaisha mpaka kila kitu kimerudi mahali pake.

4. Vita na kimya

Richter alikufa mwaka wa 1910. Baada ya miaka minne ikaja vita kuu ya kwanza, nayo ikaharibu biashara ya kiwanda katika inchi za ng'ambo. Ikaja vita ya pili. Ilipoisha, Rudolstadt ilijikuta upande wa mashariki wa Ujerumani, chini ya serikali ya kikomunisti, na kiwanda kikawa mali ya serikali. Mawe yaliendelea kutengenezwa kwa muda, kisha mwaka wa 1963 kazi ikasimama.

Wakati huo watoto wa Ulaya walikuwa wamepata tofali lingine. Katika kijiji cha Billund, inchi ya Denmark, seremala Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mti mwaka wa 1932. Mwaka wa 1934 aliipa kazi yake jina la Lego, kutoka maneno ya Kidenmark yenye maana ya cheza vizuri. Mwaka wa 1949 walianza kutengeneza matofali ya plastiki, na tarehe 28 Januari 1958 waliandikisha haki ya tofali lenye vifundo juu na mirija ndani, linaloshikana na mwenzake bila kuanguka. Ole Kirk alikufa mwaka huohuo. Matofali sita tu ya namna ile, yenye vifundo vinane kila moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915 103 765. Ni jepesi, ni la bei nafuu, halivunjiki. Watoto walilipenda, na hatuna neno la kulilaumu. Lakini mawe ya nanga yakasahauliwa katika madari ya nyumba, pamoja na nguo za mababu.

5. Chama cha Marafiki

Hapo ndipo inapoanza sehemu tuliyoitaka zaidi. Mwaka wa 1979, katika inchi ya Uholanzi, watu wachache waliochezea mawe hayo utotoni, au walioyarithi kwa wazee wao, waliunda chama, wakakiita Chama cha Marafiki wa Nanga. Kiwanda hakikuwapo tena, mshahara haukuwapo, na kati yao na Rudolstadt palikuwa mpaka wa waya na askari.

Walifanya nini? Walikusanya masanduku ya zamani. Walilinganisha jiwe na jiwe, wakalipa kila moja nambari yake na kuandika vipimo vyake. Walitafuta karatasi za mipango zilizoraruka, wakazichora upya, kusudi mtu aliyerithi sanduku lisilo na karatasi aweze kulifunga tena. Waliandika vitabu. Walikutana, wakajenga pamoja makanisa na madaraja, kisha wakabomoa, wakapanga mawe sandukuni, wakarudi makwao. Watu wa inchi zingine za Ulaya na wa Marekani wakajiunga nao.

Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka wa 1989, na Ujerumani ikawa inchi moja tena mwaka wa 1990. Ndipo mmoja wa chama hicho akajitahidi kuifufua kazi palepale ilipozaliwa, na tarehe 15 Septemba 1995 mawe ya nanga yakaanza kutengenezwa tena Rudolstadt. Kimya kilikuwa kimedumu miaka 32. Jiwe jipya likawekwa juu ya jiwe la karne iliyopita, vikalingana. Vipimo havikupotea, kwa sababu kulikuwa na watu waliovitunza bila kulipwa.

6. Na sisi?

Ndugu wapenzi, wazazi wengi wa hapa kwetu hawana fedha ya kununua sanduku la mawe ya nanga wala la matofali ya Denmark. Lakini nani kati yetu hakufinyanga tofali la udongo ndani ya kopo la sardini, akalianika juani, akajenga nyumba ndogo kando ya jiko la mama? Watoto wetu hawakungoja Ulaya kwa mchezo huo.

Tena tofali kubwa tunalijua. Tangu Mapadri Weupe walipopokea kituo cha Mpala, kwenye ufuko wa Tanganyika, mwaka wa 1885, misioni za upande wetu wa Kongo zilijengwa kwa udongo wa inchi hii na mikono ya watu wa inchi hii. Vitabu vya misioni vinataja kwa kawaida padri au frere aliyeongoza kazi. Ni mara chache sana vinataja waliokanyaga udongo, waliojaza kalibu, waliokesha kando ya tanuru, na wamama waliobeba maji. Majina yao yamo katika vichwa vya wazee, na wazee wanakwenda.

Tukumbuke pia mwaka wa 1964. Kazi ya Rudolstadt ilikuwa imesimama mwaka mmoja tu, wakati maasi yalipoziacha misioni nyingi za mashariki mwa inchi yetu bila padri. Nani aliyetunza vipimo wakati ule? Walikuwa makatekista, wamama wa sala, wazazi waliowafundisha watoto ishara ya msalaba gizani. Mapadri waliporudi walikuta jiwe la kuwekea jiwe. Mtume Petro anatuita sisi wenyewe mawe yaliyo hai. Na jiwe hai, kama lile la nanga, linashikwa na unyofu wa jirani yake.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja, si gumu. Kabla mwaka huu wa Yubilei haujafungwa, kila jumuiya ichague vijana wawili wenye mwandiko mzuri, waende kwa wazee na daftari, wauliize: Nani alifinyanga matofali ya kanisa letu? Udongo ulichimbwa wapi? Tanuru lilikuwa wapi? Nani alisalisha watu padri alipokosekana? Majibu yawekwe katika sanduku la parokia, karatasi juu ya karatasi, kwa utaratibu. Na watoto wa katekisimu wajenge kanisa letu kwa udongo, kwa vipimo vya kweli, dirisha kwa dirisha, kusudi waujue ukuta wanaouegemea siku ya Dominika.

Wale wa Uholanzi walifanya hivyo kwa ajili ya mawe ya kuchezea. Sisi tunayo nyumba ya Mungu.