Hukumu ya deni la kale: Usiitupe karatasi ya dalali

DALALI abishapo hodi akiwa na karatasi ya korti mkononi, wengi hupigwa na butwaa kuambiwa kuwa wanadaiwa kwa hukumu iliyotolewa miaka minane au kumi iliyopita. Kuna wanaoitupa karatasi hiyo wakiamini deni limejifia, na kuna wanaouza ng'ombe kwa hofu siku iyo hiyo. Wote hukosea. Sheria ya Kenya imeiwekea hukumu umri wake, na imempa mdaiwa njia za kujitetea.

Jambo la kwanza ni tarehe. Deni la mkataba ambalo halijafikishwa kortini hupitwa na wakati baada ya miaka 6. Lakini korti ikishatoa hukumu, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 4(4), humpa mdai miaka 12. Mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa ilifafanua kuwa ukomo huo unahusu pia utekelezaji wa hukumu, kama vile kunadi mali.

Riba nayo ina mpaka. Malimbikizo ya riba yaliyopitisha miaka 6 hayadaiwi. Hukumu isipotaja riba ya baada ya siku ilipotolewa, kiwango huwa asilimia 6 kwa mwaka. Yaani Sh100,000 huzaa Sh6,000 kila mwaka. Ukidaiwa zaidi ya hapo, itisha hesabu kwa maandishi.

Pili, nenda katika korti iliyotoa hukumu ukiwa na nambari ya kesi na uombe kulikagua faili. Tazama kiasi kilichoamuliwa, malipo yaliyonakiliwa, na kiapo cha aliyedai kukukabidhi samansi. Ikiwa hukuikabidhiwa kamwe, na hukumu ikatolewa bila wewe kujua, unaweza kuiomba korti iifute ili kesi isikizwe upya. Aliyepokea samansi akanyamaza atalazimika kueleza sababu na kuonyesha kuwa ana utetezi wa maana. Vyovyote iwavyo, usikawie. Korti itauliza ulifanya nini tangu siku uliyopata habari.

Tatu, mwaka mmoja ukipita tangu hukumu, kwa kawaida mdai hawezi kuanza utekelezaji kabla korti haijakupa notisi ya kufika na kueleza kwa nini hukumu isitekelezwe. Siku hiyo usiikose. Mwenye deni la haki lakini asiye na fedha za kulilipa kwa mkupuo anaweza kuomba kulipa kwa awamu, na korti ina uwezo wa kukubali hata mdai akipinga, mradi kuna sababu za kutosha. Nenda na hati ya mshahara au hesabu za biashara, kisha utaje kiasi utakachokimudu.

Dalali naye hana ruhusa ya kuzoa kila kitu. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na zana za kazi za fundi, havikamatwi. Theluthi mbili za mshahara pia zina kinga. Akishaorodhesha mali inayohamishika, dalali hutakiwa kukupa notisi ya siku 7 ya kuikomboa.

Je, mdaiwa hufungwa jela? Mwaka 2010, Jaji Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021, aliamua kuwa kumfunga mtu kwa kushindwa kutimiza mkataba kunakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Mwaka 2012, Jaji David Majanja alisema kifungo hicho si kinyume cha katiba mradi utaratibu ufuatwe na mdaiwa asikizwe. Kwa hivyo anayepuuza wito wa korti hujiweka hatarini kuliko maskini anayefika na kueleza hali yake.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini lipa kwa ushahidi. Kila malipo yawe na stakabadhi yenye nambari ya kesi, na ukimaliza, hakikisha korti imenakili kuwa deni limelipwa. Stakabadhi hiyo ikipotea na faili ikabaki wazi, huenda dalali akarudi kubisha hodi kwa deni ulilokwisha kulipa.