Friji ya Kegi

Friji ya kegi ni jokofu la nyumbani lililopangwa upya ndani ili libebe kegi ya bia, mtungi wa gesi ya kabonidioksidi na mipira inayoviunganisha, huku bomba la kumiminia likitokeza mlangoni au kwenye mnara mfupi uliosimamishwa juu ya jokofu lenyewe. Marekani, Kanada na Australia ndiko ilikoenea zaidi. Wapo wanaoinunua ikiwa kamili dukani, na wapo wanaoitengeneza wenyewe kutokana na friji kuukuu. Vipimo na desturi zinazoelezwa hapa ni za Marekani, isipokuwa palipotajwa vingine.

Kazi yake inaonekana nyepesi: kupoza bia na kuisukuma hadi kwenye glasi. Ugumu uko kwenye gesi iliyoyeyuka ndani ya bia. Bia hutoka kiwandani ikiwa na kiasi chake maalumu cha gesi, na friji nzuri ni ile inayomfikishia mnywaji bia hiyo bila kuiongezea wala kuipunguzia. Karibu kila lalamiko juu ya bia ya kegi nyumbani, iwe ni povu tupu, bia iliyolala au yenye ladha ya siagi iliyoharibika, huanzia hapo au kwenye uchafu wa mipira. Friji imetoka kiwanda gani ni jambo dogo.

Asili yake

Kifaa hiki kilipata nguvu kupitia watu wanaojitengenezea bia. Marufuku ya pombe Marekani ilipokwisha mwaka 1933, kutengeneza divai nyumbani kuliruhusiwa lakini bia ikaachwa nje. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoanza kutumika Februari 1979, ikiruhusu nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi kutengeneza galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757. Majimbo yaliifuata kila moja kwa mwendo wake. Mississippi na Alabama zilikubali mwaka 2013 tu. Katika miongo hiyo hiyo kampuni za soda zilikuwa zikiacha kegi ndogo za chuma za lita 19, zilizobeba sharubati ya Coca-Cola na Pepsi, na kuhamia mifuko ya plastiki ndani ya maboksi. Kegi hizo, ziitwazo Cornelius kwa jina la kampuni iliyozitengeneza, zikaingia sokoni kwa bei ya chirimiri na kuangukia mikononi mwa watengenezaji wa nyumbani. Mpaka leo ndizo wanazozipenda, kwa sababu kifuniko chake ni kipana kiasi cha kupitisha mkono wa kusugua.

Kegi na kapla

Kegi kubwa ya baa za Marekani huitwa nusu pipa. Ina lita 58.7, sawa na glasi 124 za painti ya Kimarekani. Ikijaa hufikia kilo 73 hivi, kimo chake ni sentimita 59 na kipenyo 41. Anayetaka kugeuza friji apime kwanza ndani, maana friji nyingi zina nundu ya kompresa kwa nyuma chini, nayo hula nafasi ambayo macho hayaioni. Robo pipa ni lita 29.3. Sudusi ya pipa ni lita 19.5, nayo ni nyembamba, sentimita 24 tu, hata mbili huweza kukaa palipotengwa kwa ajili ya nusu pipa moja.

Kwa nyumba ya watu wachache, sudusi ndiyo chaguo la busara. Bia nyingi za kegi za Marekani hazipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu, hivyo hata zikiwa baridi na chini ya gesi huanza kupoteza ladha baada ya wiki sita hadi nane. Glasi 124 kwa wiki sita ni karibu tatu kila siku, Jumapili ikiwemo. Anayenunua nusu pipa kwa sababu lita moja imetoka rahisi hujikuta ama analewa kwa wajibu ama anamwaga.

Juu ya kegi kuna vali moja yenye njia mbili: gesi huingia pembeni, bia hupanda kwa mrija unaofika chini kabisa. Kifaa kinachofungwa hapo ni kapla, na hapa wengi hukwama, kwa sababu viwanda havikukubaliana juu ya umbo moja. Bia karibu zote za Marekani hutumia kapla ya D. Heineken na nyingine nyingi za Ulaya hutumia S, inayofanana na D lakini ulimi wake ni mrefu zaidi. Guinness hutumia U, na baadhi ya viwanda vya Ujerumani A. Ulizia kapla kabla ya kulipia kegi. Cornelius haihitaji kapla. Ina vichwa viwili, kimoja cha gesi na kimoja cha bia.

Kutoboa friji

Mahali salama pa kutoboa ni mlangoni, kwa kuwa mlango kwa kawaida hauna mirija ya gesi ya kupozea. Ubavu na paa la friji ni kamari: kwenye aina nyingi mirija imefichwa ndani ya kuta, na friji za kisasa zenye gesi ya isobutani zikitobolewa hazipotezi baridi tu, gesi yenyewe hushika moto. Tundu la milimita 22 hadi 25 hutosha kupitisha shingo ya bomba. Rafu hutolewa, plastiki ya ndani ya mlango hukatwa ikiwa inagusa kegi, na sakafu hutandikwa ubao wa plaiwudi, maana kioo au plastiki iliyokusudiwa kubeba mboga haivumilii kilo 73.

Wengine hutumia friza ya kulala. Hapo haitobolewi friza yenyewe. Fremu ya mbao huwekwa kati ya sanduku na kifuniko, na mabomba hupita kwenye mbao. Kwa vile friza hugandisha, huchomekwa kwenye thamostati ya nje inayokata umeme joto likifika linapotakiwa. Ni njia nzuri kuliko friji ya kusimama kwa anayetaka mabomba matatu au manne, ila kuinua kegi iliyojaa juu ya ukingo wake ni kazi ya watu wawili.

Bomba la chuma kisichoshika kutu ni ghali kuliko la shaba iliyopakwa kromi, lakini kromi hubanduka na bia ni kimiminika chenye asidi. Penye fedha ya kuongeza, iongezwe hapo.

Gesi

Mtungi wa kawaida wa nyumbani hubeba kilo 2.3 za kabonidioksidi, na hutosha kusukuma nusu pipa sita hivi. Ukiisha hubadilishwa kwa uliojaa kwenye duka la vifaa vya kulehemu, kama tufanyavyo na mitungi ya gesi ya kupikia. Ndani yake gesi iko katika hali ya kimiminika, ndiyo maana mtungi lazima usimame wima. Ukilazwa, kimiminika huingia kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti msukumo wa gesi, na kuiharibu.

Regyuleta huwa na geji mbili. Moja huonyesha msukumo unaokwenda kwenye bia. Nyingine huonyesha msukumo wa mtungi, nayo hupotosha wasioizoea. Kwa joto la sentigredi 21 husoma karibu pauni 850 kwa inchi ya mraba. Mtungi ukiingizwa ndani ya friji huteremka hadi mia tano na kitu, na mwenye nyumba hudhani gesi inavuja. Haivuji, imepoa tu. Kwa kuwa msukumo haubadiliki mpaka kimiminika kiishe, geji hiyo haiwezi kusema kimebaki kiasi gani. Mizani ndiyo inayosema: uzito mtupu umepigwa chapa begani mwa mtungi, pamoja na tarehe ya kupimwa, ambayo kwa sheria za Marekani hurudiwa kila baada ya miaka mitano.

Kila maungio hupakwa maji ya sabuni na kutazamwa kama yanatoa mapovu. Kazi hii isirukwe. Kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hujikusanya chini, na katika chumba kidogo kilichofungwa, hasa kilicho chini ya ardhi, mtungi mmoja uliovuja wote unaweza kumfanya mtu apoteze fahamu. Mtungi nao ufungwe kwa mnyororo usije ukaanguka na kuvunjika shingo.

Joto, msukumo na mpira

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Gesi huyeyuka zaidi katika bia baridi kuliko katika bia ya moto. Bia nyepesi za Marekani hubeba takribani ujazo 2.5 wa gesi kwa kila ujazo mmoja wa bia. Ili gesi hiyo ibaki ilivyo kwenye sentigredi 3, geji inapaswa kusoma pauni 12. Bia ikipanda hadi sentigredi 7, pauni 12 hazitoshi tena. Zinahitajika karibu 16, la sivyo gesi hutoka ndani ya bia na kujaza mpira mapovu kabla haijafika bombani.

Mwenye friji anapoona povu, mkono wake wa kwanza hukimbilia regyuleta na kuteremsha msukumo. Bia hutoka polepole, povu hupungua kwa glasi mbili, kisha hurudi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sasa gesi inaikimbia bia ndani ya kegi. Baada ya siku chache bia imelala. Dawa iko kwenye kipimajoto, tena kilichozamishwa ndani ya glasi ya maji iliyokaa friji usiku kucha, si kilichoning'inizwa hewani. Kegi iliyosafirishwa ikapata joto huhitaji saa 24 za kutulia na kupoa kabla ya glasi ya kwanza. Ni subira ambayo wageni huwa hawana.

Msukumo ukishawekwa sawa, bia ingetoka kwa kasi mno kama hakuna cha kuizuia. Kizuizi ni mpira wenyewe: mwembamba, milimita 4.8 kwa ndani, na mrefu wa kutosha. Friji nyingi za dukani huja na mpira wa mita moja na nusu, mfupi kwa bomba la nyumbani. Mita tatu zilizozungushwa juu ya kegi huleta utulivu, na dalili ya usawa ni painti kujaa kwa sekunde nane hivi. Bomba lifunguliwe lote kwa mara moja. Kulifungua nusu ni kutengeneza povu kwa mkono wako.

Mwinuko wa mahali nao unahesabika, kwani geji hupima tofauti na hewa ya nje. Denver, iliyo mita 1,600 juu ya bahari, huongeza pauni mbili na nusu. Nairobi, karibu mita 1,800, ingeongeza karibu tatu. Mombasa haiongezi kitu.

Mnara wa juu ya friji una kasoro yake: hukaa katika joto la chumba, na glasi ya kwanza hutoka povu hata kama mengine yote yako sawa. Feni ndogo inayosukuma hewa baridi ndani ya mnara huimaliza.

Stauti ya naitrojeni hufuata hesabu nyingine. Guinness ilianza kuiuza mwaka 1959, kutokana na kazi ya mwanahisabati Michael Ash. Husukumwa kwa mchanganyiko wa naitrojeni asilimia 75 na kabonidioksidi 25, kwa pauni 30 au zaidi, kupitia bomba lenye kisahani cha matundu madogo. Kuifunga stauti hiyo kwenye gesi ya kawaida ni kuiharibu.

Usafi

Mpira hujenga ndani yake hamira, bakteria na ukoko wa madini uitwao jiwe la bia. Chama cha watengenezaji bia wa Marekani, Brewers Association, hushauri mipira isafishwe kila siku 14 kwa dawa kali ya alkali, iliyozungushwa kwa pampu walau dakika 15, na kwa asidi kila miezi mitatu ili kuondoa jiwe hilo. Dawa hizo mbili hazichanganywi, na glavu na miwani havikwepeki. Bomba hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi. Mpira uliobeba bia ya tangawizi hauondokewi na harufu hiyo tena, hutupwa.

Afrika Mashariki na kwingineko

Afrika Mashariki kegi ni habari ya baa. Kenya iliizoea zaidi baada ya East African Breweries kuleta Senator Keg mwaka 2004 kama bia ya bei nafuu ya kushindana na pombe haramu, na baa za keg zikaenea mitaani na vijijini. Ulaya, nyumba ndogo zimepokea mashine za mezani kama PerfectDraft, yenye kegi ya lita sita isiyohitaji mtungi wa pembeni. Ni safi na rahisi, ila mnunuzi hufungwa kwenye bia zile tu zinazotiwa katika kegi zake.

Kegi ya Marekani hubaki mali ya kiwanda. Mnunuzi huacha amana, na katika majimbo mengi muuzaji huandika jina lake na namba ya kegi. Inapokwisha, gesi hufungwa kwanza mtungini, kapla huondolewa, na kegi hurudishwa ilivyo. Hata tupu bado ina msukumo ndani, kwa hiyo vali yake haifunguliwi nyumbani.