Run Silent, Run Deep

Run Silent, Run Deep (yaani "Nenda kimya, nenda kilindini") ni riwaya ya vita vya nyambizi iliyoandikwa na Edward L. Beach, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Ilitolewa mwaka 1955. Inasimulia vita dhidi ya Japani katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jina lake linatokana na mbinu ya kujificha: nyambizi inayowindwa huzama chini sana na kuzima mitambo yenye kelele, nao mabaharia hunyamaza ili adui asiwasikie.

Mwandishi

Beach (1918–2002) alizaliwa New York. Baba yake pia alikuwa ofisa wa wanamaji na mwandishi. Wakati wa vita alihudumu katika nyambizi Trigger na Tirante, kisha akawa kamanda wa Piper. Trigger ilizama Machi 1945, baada ya yeye kuhamishwa, na mabaharia wake wote walikufa. Mwaka 1960 aliongoza Triton, nyambizi ya nyuklia, kuizunguka dunia chini ya maji.

Muhtasari

Msimulizi ni kamanda Edward Richardson. Kabla ya kwenda vitani anamzuia msaidizi wake, Jim Bledsoe, asipewe nyambizi yake mwenyewe, kwa kuwa anaona hajakomaa. Bledsoe na mchumba wake Laura wanamchukia kwa hilo, lakini maofisa hao wawili wanalazimika kuendelea kufanya kazi pamoja katika nyambizi Walrus.

Adui yao mkubwa ni nahodha Mjapani ambaye Wamarekani humwita "Bungo Pete". Yeye huwinda nyambizi karibu na mlangobahari wa Bungo. Richardson anapovunjika mguu, Bledsoe anachukua uongozi na kufanikiwa sana, lakini baadaye Walrus inazamishwa na Bungo Pete. Richardson anarudi vitani na nyambizi Eel na kuizamisha manowari ya adui huyo. Kisha anazigonga mashua za manusura, akihofia kwamba wakiokolewa watarudi kuua mabaharia wengine.

Dhamira

Kitendo hicho ndicho swali zito la riwaya: ofisa aende umbali gani ili kuwalinda watu wake? Richardson si shujaa asiye na doa, na ushindi wake haumpi amani. Kitabu kinaonyesha pia tatizo la kweli la kihistoria: torpedo za Marekani za miaka ya kwanza ya vita mara nyingi zilipita chini mno au hazikulipuka, hata makamanda wakalaumiwa kwa kosa lisilo lao. Kasoro kuu zilirekebishwa mwaka 1943.

Filamu na mwendelezo

Filamu ya mwaka 1958 iliongozwa na Robert Wise. Clark Gable aliigiza kama Richardson na Burt Lancaster kama Bledsoe. Hadithi yake inatofautiana sana na kitabu: katika filamu Richardson anakufa. Beach aliendeleza masimulizi ya Richardson katika Dust on the Sea (1972) na Cold Is the Sea (1978).