Wanafunzi Wajenzi wa Ndege Nchini Marekani

Desturi ya wanafunzi kujenga ndege ndogo ya kurushwa kweli, wakiongozwa na mafundi wa kujitolea, ilikomaa nchini Marekani, na historia yake haitenganishiki na sheria. Serikali ya shirikisho ilipokaza kanuni za usafiri wa anga mwishoni mwa miaka ya 1930, ndege iliyojengwa nyumbani ilikosa nafasi karibu kila mahali isipokuwa katika jimbo la Oregon, na ni kutoka huko ambako George Bogardus aliirusha Little Gee Bee, ndege yake ya kiti kimoja, hadi mji mkuu, Washington, mwaka 1947 ili kuwashawishi wakuu wa usafiri wa anga. Hatimaye lilitambuliwa kundi la ndege za majaribio zijengwazo na wasio wataalamu, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Sharti hilo, lililowaweka kando wafanyabiashara, liliifaa shule kuliko taasisi nyingine yoyote.

Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha mjini Milwaukee chama cha wajenzi hao, EAA, na miaka michache baadaye wanafunzi wa sekondari ya St. Rita, Chicago, chini ya mwalimu Robert Blacker, wakajenga ndege yenye mabawa mawili yaliyopandana, ambayo iliruka mwaka 1960.

Badiliko kubwa lililofuata lilitokana na kanuni za ndege nyepesi za mwaka 2004, ambazo ziliruhusu mjenzi kununua vipande vilivyokwisha kutobolewa kiwandani mradi afuate michoro bila kukengeuka, wala hazikuuliza tena nani amefanya sehemu kubwa ya kazi. Katika mazingira hayo Richard VanGrunsven, mbunifu wa RV-12, ndege ya alumini ya viti viwili, aliasisi TeenFlight huko Hillsboro, Oregon, vijana wafundishwe na walezi, yaani wajenzi wazoefu, wengi wao wastaafu. Hapa ndipo uzito wa mlezi unapoonekana, kwa kuwa elimu ambayo zamani ililindwa na sheria sasa hulindwa na yeye tu. Kijana hulainisha kingo za kila tundu, maana ukingo mkali huzuia mabati kulaliana vizuri na waweza kuanzisha ufa. Kisha huyashika mabati kwa vibanio vya muda, ndipo apige ribiti, yaani misumari ya kubana moja kwa moja. Ribiti iliyokaa upande hutobolewa, ikatolewa na kupigwa upya, na mlezi mwema hamnyang'anyi kijana drili, ingawa yeye angemaliza kwa dakika moja.

Katika miradi mingi ya aina hii ndege iliyokamilika huuzwa, na fedha zake hununua vipande vya ndege inayofuata.