Breki Zinapolia: Historia Fupi kwa Watu wa Milimani

Hakuna aliyesoma huku Kwai asiyeijua safari ya likizo: kwanza Lushoto, kisha Soni, kisha kona juu ya kona mpaka Mombo. Na hakuna asiyepata kusikia gari likipunguza mwendo huku likilia, abiria wakatazamana. Ni breki, au ni kitu kingine? Aghalabu dereva hujibu, "Ni vumbi tu." Yafaa tujue sauti hizo zilianzia wapi, maana kila moja ina asili yake.

Serikali ya Wajerumani ilianzisha shamba la majaribio hapa Kwai mwaka 1896, nayo reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Tangu hapo mazao ya milimani yalikuwa na soko, ila ilibidi kwanza yateremke salama. Mombo iko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, Lushoto zaidi ya mita 1,300. Lori la tani 5 likishuka mita 900 hivi, joto linalozaliwa kama breki peke yake ndiyo ingelizuia lingetosha kuchemsha maji baridi lita 130. Joto hilo lote huingia kwenye vyuma vichache vya magurudumu.

Tatizo hilo si letu peke yetu. Kwenye vilima vya Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood aliona wakulima wakifunga viatu vikuukuu kwenye vigogo vya breki za mikokoteni ya farasi ili vishike vizuri. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza bitana za breki, na kampuni yake ikaja kuitwa Ferodo. Baadaye bitana zikatiwa asbesto, ambayo huvumilia moto. Mwaka 1902 Louis Renault alitengeneza breki ya ngoma, na mwaka huohuo Frederick Lanchester akaandikisha hataza ya breki ya diski. Ngoma ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi; Land Rover za zamani zilikuwa nayo magurudumu yote manne.

Ubaya wa ngoma ni kwamba ikipata moto hupanuka na kukikimbia kiatu cha breki, dereva akakanyaga asione kitu. Tena bitana za zamani zilipigiliwa ribiti. Bitana ikiisha, ribiti hukwaruza ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri havipatikani, mlio huo ulizoeleka mno, hata wengine wakauona wa kawaida. Si wa kawaida. Ni chuma kinakula chuma.

Diski hupoa upesi kwa kuwa iko wazi. Pedi zake nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa chuma unaopiga kelele nyembamba pedi inapokaribia kwisha. Yaani kelele hiyo imetengenezwa makusudi. Lakini asubuhi, baada ya usiku wa mvua au ukungu wetu, mkwaruzo mwepesi unaotoweka baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu ni kutu tu.

Basi vijana mnaojifunza udereva, tafuteni mahali tambarare, si mteremkoni. Achia mafuta bila kugusa breki. Gari likigonga au kuvuma hapohapo, shuku krosi za propela au difu. Likinyamaza, kanyaga breki polepole: kelele ikija, fungua magurudumu. Mvumo unaofuata kasi ya gurudumu, ukaongezeka gari linapokata kona ya kushoto, mara nyingi hutoka kwenye beringi ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko. Kanyagio likitetemeka mguuni, diski imepinda au ngoma haiko duara tena.

Wako madereva wanaotoa gia mteremkoni ili kuokoa petroli. Hao huzitwika breki mzigo ambao injini ingesaidia kuubeba. Shuka kwa gia ndogo.

Fundi naye akifungua ngoma ya gari la zamani asipulize vumbi kwa mdomo. Alilowanishe maji, alifute kwa kitambaa, akitupe. Vumbi la asbesto huharibu mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi, na Uingereza, kulikotoka bitana hizo, ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999.