Jedwali la kuzidisha lilipogeuka wimbo

Mtoto asiyeweza kukariri jedwali la kuzidisha huambiwa ana kichwa kigumu. Mimi husita kumwita hivyo nikikumbuka kisa cha David McCall, mkuu wa kampuni ya matangazo ya biashara nchini Marekani. Mwanawe alishindwa na jedwali hilo, ilhali nyimbo za Rolling Stones alizijua neno kwa neno. Basi McCall akaona heri hesabu ziimbwe! Mwanamuziki wa jazi, Bob Dorough, akatunga wimbo kuhusu namba 3.

Mwaka 1973 televisheni ya ABC ikaanza kupeperusha Schoolhouse Rock. Sarufi nayo ikaingia, viunganishi vikifananishwa na kazi ya kuunganisha mabehewa ya treni. Hapo ndipo panaponivutia mno: kumbe kiunganishi ni kazi, si orodha ya maneno ya kumezwa.

Mwaka 1993 nyimbo hizo zikapandishwa jukwaani Chicago, na baadaye likaja toleo fupi ambalo watoto wa shule huigiza wenyewe. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi. Anayeimba 3, 6, 9 huenda anafuata mdundo tu. Ila ukimsimamisha kati ya wenzake wawili awe "lakini", sharti ajue anaunganisha nini na nini.