Kipande: Nani Anahesabu Siku Zako za Kazi?

Leo tutajifunza habari za kadi ndogo iliyotawala maisha ya wazee wetu wengi. Kadi hiyo iliitwa kipande.

Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni mraba mkubwa, kisha uugawe katika vyumba vidogo 30. Kila chumba ni siku moja ya kazi. Hivyo ndivyo siku zilivyohesabiwa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Lakini ilizaana sana, na mashamba makubwa yakaenea upande wa Tanga. Mashamba hayo yalitaka watu, na watu hawakutaka kuacha makonde yao. Basi mwaka 1907, huko Usambara Magharibi, serikali ya Wajerumani ilianza kutoa kadi za kazi. Kila mwanamume alilazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Asiyetimiza alipelekwa kufanya kazi ya serikali.

Waingereza nao walipotawala, kipande kiliendelea mashambani. Asubuhi nyapara alimpimia mtu kazi yake ya siku. Akiimaliza, alitiwa alama katika chumba kimoja. Asipoimaliza, chumba kilibaki kitupu, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulilipwa vyumba vyote 30 vilipojaa.

Je, kipande kilikuwa kibaya tu? Hapana. Mtu aliyekaa karibu na shamba aliweza kufanya kazi leo, kesho akapalilia mahindi yake au akauguza mtoto, na kesho kutwa akarudi kazini. Ilitosha amalize siku zake 30 kabla ya muda wa kadi kwisha. Lakini siku ya kuuguza mtoto haikuwa na malipo. Homa ya mtoto ilikatwa katika mfuko wa baba.

Manamba hawakuwa na nafasi hata hiyo. Hao walitoka mbali, kama Kigoma na Njombe, kwa mkataba. Mtoto akiugua nyumbani, baba hakuwapo. Mama alibaki peke yake na jembe na watoto.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Kalamu ilikuwa mkononi mwa karani. Mtu asiyejua kusoma angesema, “Jumanne nilikuwapo,” naye angeambiwa, “Haimo.” Angeonyesha nini?

Wafanyakazi walitambua kwamba mtu mmoja mmoja hawezi kushinda hesabu ya tajiri. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu. Katika nchi za nje pia jambo hili lilijadiliwa. Mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Washington, ilikubaliwa kwamba mama afanyaye kazi kiwandani au dukani apate mapumziko wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 6 baadaye.

Sasa tutazame sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, aruhusiwe kumnyonyesha mtoto kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Baba aliyepata mtoto ana siku zisizopungua 3. Mtoto akiugua, mzazi ana siku zisizopungua 4 zenye malipo. Tazameni tofauti: homa ya mtoto sasa imo katika hesabu.

Sheria hiyo yasema pia kwamba mwajiri aandike masharti ya kazi, na kama mfanyakazi hayaelewi, aelezwe kwa njia atakayoielewa. Mwajiri asipoweza kuonyesha maandishi hayo mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Lakini, ndugu zangu, sheria haiwezi kukukumbushia siku zako. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe. Siku uliyofanya kazi, tia alama. Siku uliyopewa ruhusa, andika sababu yake na aliyekupa. Wazee wetu walihesabiwa na wengine. Wewe unaweza kujihesabia mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kipande kilikuwa na vyumba vingapi?
2. Kwa nini manamba hakuweza kuuguza mtoto wake?
3. Mwezi uliopita ulifanya kazi siku ngapi? Unajuaje?